Familia zenye watoto wadogo ni wateja wa aina yake Mikumi

Mtoto wa miaka mitatu hawezi kukaa ndani ya gari kuanzia alfajiri hadi jioni akimtafuta simba. Ifikapo saa nne asubuhi ana njaa, ana joto, anataka kukojoa, na hamu ya wanyama imekwisha baada ya twiga wa tatu. Wazazi wengi hugundua hilo wakiwa tayari katikati ya hifadhi, na safari iliyogharimu akiba ya miezi kadhaa huishia kwa kilio.

Kwa mfanyabiashara mdogo wa Morogoro na Mikumi, hapo ndipo penye kazi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye ukubwa wa kilometa za mraba 3,230, iko takriban kilometa 283 kutoka Dar es Salaam, na barabara kuu iendayo Iringa inakatiza ndani yake kwa kilometa zipatazo 50. Kwa familia ya Dar es Salaam yenye watoto, hakuna hifadhi kubwa ya wanyama inayofikika kirahisi namna hiyo. Serengeti ina kilometa za mraba 14,763 na ni mwendo wa zaidi ya siku moja kwa barabara. Mtoto mchanga atachoka kabla hajaona hata swala.

Tuchukue mfano wa baba na mama wenye watoto wawili, mmoja wa miaka mitatu na mwingine wa saba. Mtoto aliye chini ya miaka mitano halipi kiingilio, na wa saba hulipa pungufu ya mtu mzima. Raia hulipa kwa shilingi, tena kiasi kidogo kuliko mgeni wa nje, hivyo ni vema kubeba vitambulisho na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto ili kusiwe na ubishi getini. Viwango hubadilika, kwa hiyo viulizwe kabla ya kuondoka. Malipo hayafanywi kwa fedha taslimu, jambo ambalo bado linawakwamisha wengi.

Kwa hiyo si kiingilio kinachoamua kama familia hiyo itarudi tena. Kinachoamua ni ratiba.

Ratiba inayofaa ni fupi kuliko ile ya watu wazima. Familia ilale Morogoro au mji mdogo wa Mikumi, iingie hifadhini geti likifunguliwa saa 12 asubuhi, izunguke uwanda wa Mkata kwa saa mbili au tatu wakati wanyama bado wanatembea, kisha isimame Bwawa la Viboko, kilometa zipatazo tano kutoka geti kuu, ambako watu wanaruhusiwa kushuka kwenye gari. Huko mtoto ananyoosha miguu na kuona mnyama asiyekimbia. Mchana alale. Jioni, kama bado ana nguvu, warudi kwa saa moja. Sehemu nyingine hairuhusiwi kushuka, hata kwa haja ndogo, kwa hiyo poti la mtoto ni kifaa cha lazima garini.

Mbung'o nao wapo, na kung'ata kwao kunauma. Wanavutwa na vitu vinavyotembea na rangi nyeusi na bluu iliyokoza. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mtoto avalishwe nguo nyepesi za rangi ya mchanga zenye mikono mirefu, na vioo vifungwe mahali walipo wengi. Dawa za kupaka zinazofukuza mbu haziwasumbui sana mbung'o. Usiku tishio ni malaria, na chandarua hakina mbadala.

Mwenye nyumba ya wageni aanzie hapo. Chandarua cha kitanda cha mtu mmoja hakimtoshi mama, baba na mtoto katikati. Familia inahitaji godoro la ziada, beseni la kuogeshea, maji ya moto, na bei ya chumba isiyohesabu kila kichwa. Zaidi ya yote inahitaji uji saa 11 alfajiri. Jiko linalowashwa saa moja halina maana kwa mtu anayetakiwa kuwa getini saa 12.

Mama lishe anaweza kuichukua nafasi hiyo. Uji kwenye chupa ya chai, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, maji yaliyochemshwa, na chakula cha mchana kisicho na pilipili, vyote vikifungwa jioni au alfajiri, ni bidhaa ambayo mzazi haulizi bei mara mbili. Vyombo viwe na vifuniko vya kubana, kwa sababu nyani na tumbili hawasubiri kukaribishwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Juni mosi, 2019, hivyo kikapu kinafaa zaidi, na nepi zilizotumika hurudi na mwenyewe.

Mkulima wa mboga na matunda wa Mgeta na maeneo mengine ya Uluguru tayari anapeleka mazao mjini. Nyumba ya wageni haitachukua magunia, bali itachukua papai lililoiva leo na ndizi za kesho, kidogo kidogo lakini kwa ahadi. Mkulima asiyeweza kuleta Ijumaa bila kukosa amwachie mwenzake.

Upande wa usafiri, treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024 imepunguza safari hiyo hadi chini ya saa mbili. Familia inaweza kushuka Morogoro bila gari, ikabakiza karibu kilometa 100 kufika hifadhini. Mwenye gari mwenye leseni inayotakiwa kwa kazi ya kubeba watalii anaweza kukodisha kwa nusu siku badala ya siku nzima, mikanda ya viti ikiwa inafanya kazi. Dereva awe na subira ya kusimama kila mara. Anayewaharakisha watoto kwa sababu ana abiria wengine mchana hafai kwa kazi hii.

Jambo moja lisisahaulike. Familia huja likizo za shule, hasa Juni na Desemba, na mwisho wa wiki. Machi hadi Mei mvua huharibu barabara za ndani na wateja hupungua. Kukopa benki ili kujenga vyumba kumi kwa kutegemea miezi miwili ni kujitafutia mnada. Mwenye nyumba ya wageni aanze na magodoro mawili, vyandarua vikubwa na chupa tatu za chai, kisha aone Juni italeta nini.