Mtoto akipumua mbio mbio, usikimbilie farmasi



Huku kwetu Obokote, mtoto wa jirani akizidiwa usiku, mlango unaogongwa kwanza ni wa yule aliyesoma. "Wewe ulifika iniversite, tumpe dawa gani?" Ndiyo maana leo tuongee juu ya bronkioliti.

Inaanza kama mafua tu: makamasi, kikohozi, homa kidogo. Siku ya tatu hivi, pumzi inakuwa ngumu. Kinacholeta ni virusi, mara nyingi vile vya RSV, ambavyo viligunduliwa mwaka 1956 kwa sokwe. Vinawashika watoto wa chini ya miaka 2, na vinawasumbua zaidi walio katika miezi ya kwanza. Vijia vidogo vya mapafu vinavimba na kujaa makamasi. Kwa mtu mkubwa ni mafua ya siku chache. Kwa mtoto wa miezi 3 njia yenyewe ni nyembamba, uvimbe kidogo tu unaiziba.

Sasa shida yetu. Tunanunua antibiotiki na siro ya kikohozi, tunangoja siku mbili. Lakini antibiotiki inaua bakteria, haiui virusi. Muganga anaweza kuiandika akihofia nimonia, juu magonjwa haya yanafanana. Hiyo ni kazi yake, si yetu. Salbutamoli nayo haisaidii sana, maana kinachoziba ni uvimbe na makamasi. Na mafuta puani, hapana kabisa: yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Kinachomwokoa mtoto ni vitu vitatu. Oksijeni, kama kipimo cha kidoleni kinaonyesha chini ya 90. Maziwa ya mama, kidogo kidogo na mara nyingi. Akishindwa kunyonya, hospitalini watampitishia kwa mpira wa puani ao watamwekea seramu. Tatu, kusafisha pua kwa matone ya maji safi ya chumvi, yale ya dawa. Kisha ni kuvumilia: wengi wanapata nafuu ndani ya wiki moja, hata kama kikohozi kinabaki wiki mbili tatu.

Nyumbani fanya hivi. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake dakika 1 nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 ao zaidi ni hatari. Kuanzia miezi 2 mpaka mwaka 1, ni 50. Ukiona kifua kinaingia ndani chini ya mbavu, anaguna, hawezi kunyonya, midomo inakuwa ya bluu, analegea, ao pumzi inakatika kisha inarudi, usihesabu tena. Pakia pikipiki, nendeni hospitali, mama amshike mtoto kichwa kikiwa juu.

Mwisho, kazi yetu sote: tuulize leo, mchana, ni kituo gani cha karibu kina oksijeni, na umeme ukikatika wanatumia nini. Mtoto akiisha kuzidiwa, barabara ya msituni haitatupa nafasi ya kuuliza.