Gari "Safi" la Kuruwitu

Mwalimu mmoja wa Kuruwitu, rafiki yangu, alichukua mkopo wa ushirika akanunua gari aliloambiwa ni "safi". Nami ninayefundisha isimu nilidhani kivumishi hicho nakijua! Kinywani mwa dalali, ndugu msomaji, safi ni lililopakwa rangi juzi. Fundi alipolala chini yake akagonga chesisi kwa bisibisi, kutu ilimwangukia usoni. "Limeliwa, mwalimu," akasema. Chumvi ya upepo wa bahari hunasa unyevu, ikala chuma mahali pasipofikiwa na maji ya kuoshea. Sheria ya Kenya huzuia kuingizwa kwa mitumba iliyozidi miaka 8. Haiulizi gari limelala ufuoni miaka mingapi. Mkopo angali anaulipa, na shuleni huenda kwa miguu.