Kusimama kwa mikono juu ya vyuma: Udhibiti hutoka viganjani, si kifuani

MWENDESHAJI baiskeli anayebeba abiria katika mpaka wa Busia au Malaba hajizuii kuanguka kwa kukakamaa. Mikono yake husogeza usukani kidogo kushoto, kidogo kulia, na safari ikaendelea. Ufundi huo ndio uliozaa bodaboda katika eneo hili miaka ya 1960.

Kocha wa jimnastiki naye hufunza jambo lilo hilo anapomwandaa mwanafunzi kusimama kwa mikono juu ya vyuma, kichwa chini na miguu juu. Wengi hudhani kwamba kinachohitajika ni nguvu za kifua. La hasha. Kinachohitajika zaidi ni masahihisho madogo madogo yasiyokoma.

Mtu aliyesimama kwa mikono sakafuni akianza kuangukia upande wa mgongo, hukandamiza vidole chini. Akiangukia upande wa tumbo, huhamishia uzito kwenye sehemu ya kiganja iliyo karibu na kifundo. Juu ya chuma hakuna nafasi ya kutandaza vidole, kwa hivyo kazi hiyo hufanywa kwa kukaza mshiko na kuzungusha vifundo vya mikono.

Vyuma viwili sambamba huelekea upande ule ule ambao mwili huyumbia, hivyo kiganja hupata pa kuegemea. Chuma kimoja kilichokingama ni kigumu zaidi kwa sababu mwili wote hutegemea unene wake tu. Ndiyo maana ni busara mwanafunzi aanze na vyuma sambamba.

Hata hivyo, hatua ya kwanza kabisa ni ukutani. Mwanafunzi husimama kwa mikono huku tumbo likielekea ukuta, viwiko vikiwa vimenyooka, mabega yamesukumwa hadi karibu na masikio, tumbo na makalio yamekazwa. Vifundo, mabega, nyonga na nyayo zinapaswa kuwa katika mstari mmoja. Mgongo ukipinda, mikono hulemewa na kazi ya kusawazisha.

Hatua ya pili ni vishikio vifupi vya mbao vilivyo karibu na ardhi. Hapa hujifunza kushika na kusahihisha bila hofu ya kuanguka kutoka juu. Hatua ya tatu ni vyuma vya chini vyenye godoro, kocha akimshika mapajani na kulegeza mkono taratibu kadiri anavyozoea.

Kabla ya hatua hiyo ya tatu, sharti mwanafunzi ajue namna ya kushuka. Akihisi kwamba amepita kiasi, huhamisha mkono mmoja, akageuza mwili na kutua kwa miguu, magoti yakiwa yamekunjwa. Asiyejua kushuka huanguka kwa shingo au mgongo, na jeraha la uti wa mgongo laweza kumlemaza maisha.

Katika mashindano, vyuma sambamba huwa na urefu wa mita 3.5 na kimo cha mita mbili. Waamuzi humtaka mchezaji atulie kwa sekunde mbili, na anayeanguka hupoteza alama nzima.

Je, kijana wa Busia au Malaba asiye na ukumbi wa mazoezi afanye nini? Asining'inie kwenye mlingoti wa goli la kandanda, kwani goli lisilochimbiwa vyema laweza kumwangukia. Ukuta, mchanga mwingi laini na vipande viwili vya mbao imara vyatosha kwa hatua mbili za kwanza, mradi awepo mtu mzima wa kumwangalia. Vyuma vyenyewe vinafaa kusimikwa kwa zege, visitikisike hata kidogo.

Wapo vijana Wakenya wanaojipatia riziki kwa sarakasi katika hoteli za Pwani na hata ng'ambo. Kwa anayetamani kufuata njia hiyo, wahenga walikwisha kusema: mwenda pole hajikwai.