Pembe Tumeziweka Barabarani, Mwindaji Tukamweka Ndani

Hata kama wewe si wa Mombasa, unazijua. Pembe nne za alumini zilizopinda juu ya Moi Avenue, matatu zinapita chini yake na makanga anaita "Mapembeni! Mapembeni!" hadi sauti inakauka. Zilisimamishwa miaka ya 50, enzi za mkoloni, kwa ajili ya ziara ya kifalme. Leo ndizo picha ya kwanza ya kila mgeni. Hata wewe uko nayo kwenye simu, usikatae.

Mimi pia ninayo. Mara ya mwisho nilikuwa pale na beste wangu tuliyeanza naye chuo (mimi nilitoka mwaka wa pili, hiyo ni stori ya siku nyingine). Yeye ni Mwaata, kwao ni bara ya Kilifi, unaenda hadi karibu unaona Tsavo. Nikamwambia asogee chini ya pembe nimpige picha. Akacheka kidogo tu.

"Babu yangu alifungwa kwa sababu ya hizi. Zile za ukweli."

Manze, simu niliirudisha mfukoni.

Waata unaweza kuwa umewasikia kwa jina la Waliangulu au Wasanye. Ni watu wachache, lugha yao iko karibu na Kioromo, na kwa vizazi na vizazi kazi yao ilikuwa kuwinda ndovu kwa uta. Si uta wa kuchezea. Kuuvuta ule wa wawindaji wakubwa kulitaka nguvu ya zaidi ya kilo 45, yaani fikiria unainua karibu mfuko mzima wa simenti kwa vidole, halafu unalenga, halafu ndovu yuko hatua chache mbele yako. Sumu ilitoka kwa mti wa msunguti, na mafundi wengi wa kuipika walikuwa Wagiriama. Kichwa cha mshale kilifungwa kwa ngozi laini, sumu isikauke na mwenyewe asijikwaruze. Kila mtu alikuwa na alama yake kwenye mshale, kwa hivyo mnyama akianguka, hakuna kubishana ni wa nani. Nyama ililiwa na kambi nzima.

Sasa pembe zilienda wapi? Hapo ndipo sisi wa kisiwani tunaingia.

Shuka siku moja Mji wa Kale, pita Fort Jesus, fuata vichochoro hadi Bandari ya Kale. Leo utakuta majahazi machache na watoto wanaopiga mbizi. Karne ya 19 misafara ya Wakamba na Wamijikenda ilileta pembe hapa Mombasa, zikapakiwa majahazini kwenda Unguja, Maskati na Bara Hindi. Baadaye serikali ya mkoloni ilikuwa na chumba chake cha pembe hapa hapa mjini, na ikazinadi kwa mnada. Zile nyumba za roshani na milango ya nakshi tunazopiga picha tukizisifu zilijengwa na biashara, na pembe ilikuwa sehemu kubwa ya biashara hiyo. Kuuza kulikuwa halali. Tatizo lilikuwa nani ameua.

Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu urais wa Marekani, alishuka meli hapa Mombasa. Yeye na mwanawe waliua wanyama 512 katika safari ile, ndovu 11 wakiwemo. Alikuwa na leseni, kwa hivyo yeye ni mwindaji. Babu ya beste wangu hakuwa nayo, kwa hivyo yeye ni jangili. Neno moja tu linabadilika na mtu analala ndani.

Mbuga ya Tsavo ilitangazwa 1948, juu ya mapori ambayo Waata walikuwa wakiyawinda. Kati ya 1956 na 1957 ilifanywa operesheni kubwa ya kuwasaka, na wengi wakaishia jela. Tusidanganyane hapa: wakati huo walikuwa wakiua ndovu wa kuuza, si wa chungu peke yake. Lakini pembe haiendi Asia kwa miguu. Kulikuwa na wanunuzi, na wanunuzi walikuwa upande huu wetu wa pwani.

Sehemu inayoniuma ni hii. Baadhi ya wale wale waliowakamata walianza kuona wamekosea. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, mashariki ya Tsavo, ili Waata wavune ndovu kihalali kwa idadi inayodhibitiwa. Haukudumu. Uliendeshwa kama kampuni, Waata wakiwa waajiriwa, na kabla miaka ya 60 kuisha eneo likawa ranchi. Ukisikia Galana leo unafikiria mahindi ya serikali, si ndovu. Na huko Tsavo, ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu ya ndovu bila mshale hata mmoja.

Mei 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote. Mimi siilaumu sana marufuku hiyo. Nchi ilikuwa na ndovu zaidi ya 150,000 mwanzoni mwa miaka ya 70, na mwisho wa miaka ya 80 walibaki chini ya 20,000. Lakini waliofanya hivyo walikuwa na bunduki za rasharasha. Na tangu miaka ya 90 mpaka 2003, wenye ranchi kubwa waliruhusiwa kuvuna pundamilia na swala kwa mgao wa serikali, nyama ikauzwa mikahawani Nairobi. Kwa hivyo marufuku ilikuwa na mlango. Ulikuwa tu haufunguki kwa kila mtu.

Sasa soma vitabu viwili, uniambie kama mimi ndiye sielewi. Katiba ya 2010, kifungu cha 260, inaitambua jamii ya asili inayoishi kwa kuwinda na kukusanya. Kifungu cha 63 kinasema ardhi zao za jadi ni ardhi ya jamii. Halafu Sheria ya Wanyamapori ilipopitishwa 2013 ikasema kuwinda kwa ajili ya kitoweo ni kosa: faini isiyopungua shilingi 30,000, au jela isiyopungua miezi sita. Kitabu kimoja kinakwita mwindaji, kingine kinakufunga kwa kuwa mwindaji. Waaweer wa msitu wa Boni kule Lamu wako ndani ya mtego huo huo.

Waogiek wa Mau walienda mbali zaidi. Mei 2017 Mahakama ya Afrika kule Arusha ilisema Kenya ilikiuka haki zao kwa kuwafurusha msituni, na kwamba uharibifu wa Mau hauwezi kuwekwa juu yao. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157.

Mimi sitaki mtu yeyote amuue ndovu, na beste wangu pia hataki. Nilimuuliza moja kwa moja. Anachotaka ni mjomba wake aruhusiwe kuingia msituni kurina asali na kuchimba dawa bila kukimbia askari, na siku akinasa paa wa kula watoto, asihesabiwe pamoja na waliokuwa wakipakia pembe kwa tani kwenye kontena za bandarini. Wakati wa kuandika sheria, aitwe aulizwe.

Wiki jana alitoka kwao, tukakutana Mji wa Kale kwa kahawa chungu. Aliniletea asali kwenye chupa ya soda, nyeusi, ina harufu ya moshi. Kabla sijaionja akainua kidole.

"Ilirinwa nje ya mpaka wa mbuga. Ukiandika, andika hivyo."