Viluwiluwi ni chakula, lakini hesabu siku

Samaki wa mapambo huchangamka wakitupiwa kitu kinachocheza majini, na kwa wengi wao hakuna kitamu kushinda viluwiluwi vya mbu. Havinunuliwi. Tega ndoo ya maji yenye majani makavu machache kivulini, na baada ya siku chache utaviona vikining'inia juu ya maji, vikivuta pumzi.

Hatari i hapo hapo. Wakati wa joto, yai hugeuka mbu kwa muda wa siku 7 hadi 10. Basi vichote kila siku kwa chujio kuukuu la chai, na siku ya 6 tangu utege, mwaga maji yote kwenye udongo mkavu. Sugua ndoo, kwa kuwa mayai ya mbu wengine hustahimili ukavu. Vilivyojikunja kama alama ya mkato vimebakisha siku mbili hivi viruke. Wape samaki hivyo kwanza.

Vinavyobaki vitie katika chupa ya maji safi, uifunike kwa kitambaa cha neti na kuiweka ndani ya friji, kwani baridi huchelewesha kukua. (Mwenye jiko aombwe ruhusa!)

Usichote mtaroni wala mtoni kwenye samaki, utaleta maradhi. Unayeishi ghorofani bila uwanja, nyungunyungu wa bustanini, wakioshwa na kukatwakatwa, wanatosha.