Kuingia Chuo Kikuu Hakutoshi

Kijana wa Dunda, Bagamoyo, kwa kawaida husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Sekondari na chuo kikuu humfundisha kwa Kiingereza. Ndiyo maana mwaka wa kwanza humkuta akishindana na lugha kabla hajaifikia elimu yenyewe. Azimio la Musoma la 1974 nalo liliwafungulia wafanyakazi mlango wa Chuo Kikuu, wengi wao wakiwa wameachana na vitabu kwa miaka. Unyonge wa lugha si upungufu wa akili. Somo la stadi za mawasiliano ni jambo jema, lakini halitoshi. Vyuo visingoje mitihani ihukumu: viwapime wageni juma la kwanza, viwape walimu wa kuwaongoza. Samaki mkunje angali mbichi.