Dawa ya mgongo: alama moja ya nafuu inauzwa faranga ngapi?

Bidoni la lita 20 likijaa maji lina kilo 20, ukiacha plastiki yenyewe. Nyumba inayotumia mabidoni 5 kwa siku huingiza kilo 100 za maji, na kwa mwaka kilo 36,500, yaani tani 36.5. Mzigo huo wote hupita juu ya migongo na vichwa vya watu, mara nyingi mama na binti zake. Hapo hatujagusa gunia la muhogo linaloshuka kutoka shambani kwa kamba iliyopitishwa kwenye paji la uso, wala kuni, wala makaa, wala mpunga wa bonde la Ruzizi unaopandwa watu wakiwa wameinama tangu asubuhi. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inataja kilo 23 kuwa kikomo cha kuinua, tena mzigo ukiwa karibu na mwili, mikono ikiushika vizuri na mtu akiwa hajajipinda. Mfuko wa saruji ni kilo 50.

Kwa hiyo katika Nyakabere na vijiji vingine vya eneo la Uvira, Kongo, kuumwa mgongo si habari. Habari ni pesa zinazofuata maumivu hayo farmasini.

Duniani, watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini mwaka 2020, na makadirio ni milioni 843 ifikapo 2050. Kwa Afrika, uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumlisha tafiti za nchi mbalimbali ulikuta kwamba watu 57 kati ya 100 walikuwa wameumwa mgongo ndani ya mwaka, na 39 kati ya 100 walikuwa wakiumwa siku walipoulizwa. Chukua kijiji chenye watu wazima 1,000 kwa mfano: leo hii 390 wanaushika mgongo. Wengi wao watapona ndani ya wiki chache, kwa dawa au bila dawa. Ninaowazungumzia ni wale ambao maumivu yamewapita miezi 3. Hao ndio wanaorudi dukani kila mwezi, na kwa wengi wao hakuna mfupa uliovunjika wala ugonjwa unaoonekana. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema angalau 90 kati ya 100 wanaofika kwenye vituo vya msingi kwa maumivu hayo sugu wako katika kundi hilo.

Sasa tushike kipimo. Watafiti hupima maumivu kwa alama 0 hadi 100: 0 huumwi kabisa, 100 ni maumivu makubwa kuliko yote unayoweza kuwaza. Kwa kawaida huhesabu kwamba dawa inayoshusha alama chini ya 10 kuliko kidonge kitupu, yaani kisicho na dawa ndani, haimpi mgonjwa tofauti ya maana. Kiweke kipimo hicho akilini, maana ndicho kinachotenganisha dawa na matumaini.

Ibuprofen, diclofenac na ndugu zao wa kupunguza uvimbe zilichambuliwa mwaka 2016 na mtandao wa watafiti wa Cochrane kwa mgongo uliokwisha kuwa sugu. Zilishusha maumivu kwa alama 7 hivi zaidi ya kidonge kitupu, baada ya siku 56 kwa wastani. Alama 7 kati ya 100. Ni kitu, lakini ni kidogo.

Paracetamol ina hadithi nyingine. Mwaka 2014 jaribio la Australia, lenye wagonjwa 1,652 wa maumivu mapya ya mgongo, lililinganisha paracetamol ya kila siku, paracetamol ya kumeza maumivu yakizidi, na kidonge kitupu. Nusu ya waliomeza dawa walikuwa wamepona siku ya 17. Nusu ya waliomeza kidonge kitupu, siku ya 16. Kwa mgongo sugu ushahidi ni haba kiasi kwamba WHO, katika mwongozo wake wa Desemba 2023, haikupendekeza itumike wala isitumike.

Tramadol na dawa nyingine za jamii ya afyuni zinashusha alama kama 10 katika majaribio mafupi, na ndiyo maana anayeimeza mara ya kwanza huisifu. Mwendo mrefu unaonyesha jambo tofauti. Minneapolis, Marekani, wagonjwa 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti waligawanywa: kundi moja likapewa dawa za afyuni, jingine likaanza na za kawaida kama paracetamol na ibuprofen. Baada ya miezi 12, kwenye kipimo cha 0 hadi 10, waliotumia za kawaida walikuwa na maumivu 3.5, wa afyuni 4.0. Kazi za kila siku waliziweza sawasawa. Usumbufu uliotokana na dawa ulikuwa kama maradufu kwa wa afyuni. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2018, na mwongozo wa WHO unakataza dawa za afyuni kwa mgongo huu. Hapa sina la kupima wala la kusita: mtu anayeuza tramadol kwa kidonge kimoja kimoja kama peremende anamuuzia jirani yake utumwa.

Zipo pia zile za bei ya juu ambazo huandikwa mjini. Pregabalin ilijaribiwa kwa watu 209 wenye maumivu yanayoteremka mguuni. Baada ya wiki 8 walioimeza walikuwa na 3.7 kati ya 10, na waliomeza kidonge kitupu 3.1. Haikuwasaidia, na iliwazidishia kizunguzungu. Dawa za sonona za kundi la duloxetine hupunguza alama 5 hivi kati ya 100. WHO haizipendekezi kwa mgongo huu, wala dawa za kulegeza misuli, wala mkanda wa kiuno.

Turudi kwenye pesa. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 Wakongo 73.5 kati ya 100 waliishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku. Tufanye hesabu kwa bei ya mfano, nawe weka bei ya farmasi ya kwako. Ibuprofen ya miligramu 400 ikiuzwa faranga 100 kidonge, mara tatu kwa siku, siku 56, ni vidonge 168, yaani faranga 16,800. Gawanya kwa alama 7: kila alama ya nafuu imekugharimu faranga 2,400. Paracetamol ya miligramu 500, hata ikiuzwa nusu ya bei hiyo, kipimo chake kamili ni vidonge 8 kwa siku. Siku 56 ni vidonge 448, faranga 22,400. Iliyoonekana rahisi dukani imekuwa ghali zaidi, na hakuna alama tunayoweza kuionyesha kwa ushahidi kwamba umeinunua.

Ibuprofen hiyo hiyo ikimezwa mwaka mzima inakuwa vidonge 1,095 na faranga 109,500. Kwa siku 10 ni vidonge 30 na faranga 3,000. Tofauti ya 3,000 na 109,500 ni ada ya shule, na hapo ndipo ulipo uamuzi wenye faida kuliko kubishana ni jina gani la dawa lina nguvu.

Tena hiyo ni bei ya kaunta tu. Mwaka 2013 watafiti walijumlisha mamia ya majaribio ya dawa hizi kwa vipimo vikubwa. Ibuprofen ilizidisha mara 4 hivi hatari ya vidonda na kutokwa damu tumboni, diclofenac karibu mara 2. Kwa moyo, kati ya watu 1,000 wanaomeza diclofenac mwaka mzima, 3 zaidi hupata mshtuko wa moyo, kiharusi au tatizo la namna hiyo, na mmoja wao hufa. Figo nazo hulipa, hasa mwili ukikaukiwa maji. Uvira inajua kipindupindu kuliko miji mingi. Mtu anayeharisha na kutapika asiguse ibuprofen wala diclofenac, hata mgongo ukiuma namna gani. Mjamzito aliyepita wiki ya 20 naye asizimeze bila amri ya daktari, maana zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi.

Na sindano? Wengi huiamini kuliko kidonge, na hulipa zaidi kwa imani hiyo. Ampuli ya diclofenac ya miligramu 75 ni dawa ile ile iliyo kwenye kidonge. Tumbo halinusuriki kwa kuwa dawa imepitia kwenye msuli, kwani inaliathiri kupitia damu. Umeongeza bei ya bomba la sindano, malipo ya mchomaji, na hatari ya jipu au ya kuharibu mshipa wa fahamu wa mguu sindano ikichomwa pasipo pake.

Pilipili, kwa wasioamini, imo katika mwongozo wa WHO. Dawa ya kupaka iliyotengenezwa kwa pilipili kali ni kati ya vichache vilivyokubaliwa, ingawa ushahidi wake ni dhaifu. Ni dawa iliyopimwa nguvu yake. Pilipili ya sokoni ukiisugua mgongoni itakuunguza ngozi.

Mazoezi ndiyo yenye namba kubwa kuliko hizo zote. Cochrane mwaka 2021 ilikusanya majaribio 249 yenye watu zaidi ya 24,000 na kukuta yanashusha alama 15. Ulinganisho huo haufanani kabisa na wa dawa, kwa sababu wengi walilinganishwa na watu wasiopewa kitu au waliopewa huduma ya kawaida, na mtu hawezi kupewa zoezi bandia bila kujua. Hata hivyo alama 15 bila faranga ya kidonge si za kudharau. Australia tena, watu 701 waliokwisha kupona waligawanywa: waliotembea kwa mpango na kufundishwa kuhusu mgongo walikaa siku 208 kwa kipimo cha kati kabla maumivu hayajarudi, wengine siku 112.

Mama wa Nyakabere atauliza, na ana haki: mimi sitembei? Anatembea, lakini na kilo 40. Watu wa majaribio yale hawakuwa wakirudi kwenye mzigo kila alfajiri, na kutembea na gunia kichwani si tiba ya mtu yeyote. Mimi naona kinachokosekana katika miongozo yote hii ni gurudumu. Bomba la maji karibu na nyumba, mkokoteni wa jirani wanne waliochanga, gunia la kilo 50 lililofungwa mawili ya 25: hayo yanagusa chanzo, na hakuna kidonge kinachokigusa. Mtu akipata hata dakika 20 za kutembea mikono mitupu jioni, na kunyoosha kiuno kabla ya kulala, amejipa tiba ambayo mwenye duka hawezi kumuuzia.

Hesabu zote hizi hazimhusu mgonjwa wa namna fulani. Mgongo ukija na homa ya jioni, kukonda, jasho la usiku au kikohozi kirefu, huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, na Kongo ni kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani. Miguu ikilegea, ganzi ikiingia katikati ya mapaja, mkojo ukiziba au kutoka wenyewe, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa waliobaki, dawa yenye ushahidi ni ibuprofen, kipimo kidogo, siku chache, pamoja na chakula. Naomba wauguzi wa vituo vya afya na wauzaji wa farmasi, kutoka Kavimvira hadi Sange, waandike juu ya kila bahasha ya vidonge siku ya kuacha, kama wanavyoandika mara ngapi kwa siku. Wasipoandika, waulize kabla hujatoa pesa.